Malalamiko Dhidi ya Mmea Ulioota Chini ya Mfereji wa Paa

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Bustani,
Gazeti la Jumamosi.

Ndugu Mhariri,

YAH: MMEA UNAOKATAA KUJULIKANA, NA USUMBUFU ULIOILETEA FAMILIA YENYE HESHIMA ZAKE

Naanza kwa kukiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Gazeti lenu likifika shuleni, wasichana wa darasa letu huligombea kwa ajili ya ushauri wa mapenzi. Mimi nami husimama pale, nikijifanya nasubiri zamu yangu. Ukweli ni kwamba nasubiri watawanyike ili niokote ukurasa wako, ambao hakuna anayeutaka. Nayajua magonjwa ya majani ya mnyanya kuliko ninavyomjua mvulana yeyote wa shule yetu. Kwa hiyo naomba uyapokee malalamiko haya kama yanatoka kwa mtu anayewapenda, si kwa adui.

Kabla ya malalamiko, maelezo kidogo.

Baba yangu ni fundi bomba. Amefunga matangi ya maji katika nyumba za watu wengi, isipokuwa yake. Tangi letu lipo, limelala ubavu kwenye njia ya kuingilia, na mdogo wangu wa kiume amehamia humo na mto wake na vitabu vya picha. Ukitaka kuzungumza naye, unainama na kugonga. Tangi halijasimamishwa kwa sababu mahali pake ni pembe ya nyuma ya nyumba, chini ya mfereji wa paa unaoshusha maji ya mvua, na mahali hapo pana mmea.

Utauliza kwa nini baba asiung'oe. Ni kwa sababu ya sheria ya mama. Miaka kadhaa iliyopita, mama alipokuwa safarini, baba aliamua kumfurahisha kwa kusafisha uwanja. Alifyeka kila alichokiita majani, pamoja na mchaichai wote wa mama, uliokuwa umestawi kando ya ukuta kama uzio. Mama aliporudi alisimama uwanjani bado ameshika begi lake, akasema, "Baba watoto, kuanzia leo, katika uwanja huu haking'olewi kitu mpaka kijulikane jina lake." Baba akaitikia haraka haraka, kwani alikuwa bado ameshika fyekeo.

Sheria hiyo haijawahi kufutwa. Mmea wetu hauna jina. Kwa hiyo mmea uko, tangi limelala, na mimi, ambaye nyumbani naitwa Profesa kwa kosa la kusoma vitabu, nilikabidhiwa kazi ya kutafuta jina. "Profesa, wewe andika tu gazetini," alisema baba. "Ni jambo la wiki moja."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Majibu ya mtaalamu wenu, Bwana Miche. Ninamheshimu sana. Ushauri wake kuhusu konokono nimeuhifadhi. Lakini katika shauri letu ametuyumbisha.

Mara ya kwanza nilimweleza mmea kwa maneno: kwamba shina lake ni nene na lina madoa ya zambarau, kwamba ua hutangulia na majani hufuata, kwamba ua lenyewe ni duara jekundu lililosukwa kwa nyuzi nyingi, na kwamba mdogo wangu hulitumia kama kipaza sauti akiimba. Bwana Miche akajibu gazetini kuwa huenda ni kitunguu maji kilichochelewa kuvunwa. Baba alifurahi sana, kwa sababu kitunguu kinaruhusiwa kung'olewa. Alikuwa ameshafika mlangoni na sepeto pale mama alipotoka jikoni, akainama, akanusa, akasema, "Hiki si kitunguu. Kitunguu ningekijua hata nikiwa na mafua." Kesi ikafungwa.

Mara ya pili nikatuma mchoro. Nakiri kwamba sichori vizuri, na kwamba wino wangu mweusi haukunisaidia kwenye zile nyuzi nyekundu. Hata hivyo, sikutarajia Bwana Miche anijibu, mbele ya wasomaji wote, kwamba ukurasa wake haushughulikii mifagio. Mwalimu wetu wa baiolojia alilisoma jibu hilo darasani kama kichekesho, bila kujua mchoraji amekaa safu ya mbele. Nilicheka pamoja na wengine. Nilicheka kuliko wote.

Mara ya tatu akasema, na hapa nanukuu: "Msomaji ang'oe mmea mmoja pamoja na mzizi wake, aufunge kwenye karatasi na kutuletea ofisini ili tuujue." Ndugu Mhariri, nakuomba uitazame hali yetu. Hatuwezi kuung'oa mpaka tuujue. Hamwezi kuujua mpaka tuung'oe. Nilipomsomea baba jibu hilo, aliniomba nilirudie, kisha akaenda kukaa ndani ya tangi na mdogo wangu kwa muda mrefu.

2. Tabia ya mmea wenyewe. Mimea mingine ya uwanja wetu ina adabu. Mpapai upo tu, kiangazi na masika. Huu, jua likikaza, hunyauka, hulala chini na kutoweka kabisa, usijue kama ulikuwepo. Mwaka jana ulipotoweka, baba alisugua mikono, akaleta mchanga, akausawazisha vizuri ili tangi likae juu yake.

"Sheria inasema nisiung'oe," alimwambia mama. "Sijang'oa kitu. Haupo."

"Kama haupo, wa nini kuufunika na mchanga?" mama akamjibu.

Walikuwa bado hawajamaliza hoja hiyo mvua za kwanza ziliponyesha. Asubuhi yake, katikati ya mchanga wa baba, palikuwa na pembe moja nyekundu imechomoza, imenyooka kama kidole cha mwanafunzi anayetaka kuuliza swali. Pembeni yake palikuwa na nyingine, ndogo. Ndiyo kusema, wakati sisi tukibishana kama upo au haupo, wenyewe ulikuwa chini unazaa.

3. Mgawanyiko wa familia. Baba anasema ni gugu. Mama anasema ni ua, ila hajui la nini. Mdogo wangu anasema kitu chochote kinachofanana na kipaza sauti ni kipaza sauti. Jirani yetu fundi cherehani, ambaye hakuulizwa, anasema ni dawa ya mgongo, na aliomba jani. Hakulila, nashukuru; alilibandika tu mgongoni chini ya shati. Siku iliyofuata alisema mgongo umepona na sasa ni bega linalouma, kwa hiyo ugonjwa unahama. Tangu hapo wateja wake wakija kupimwa nguo huletwa kwetu kuutazama mmea, na mimi, nisiyeweza hata kumsalimu mgeni bila kutazama viatu vyangu, hulazimika kutoa maelezo.

4. Bibi. Hapa naomba usome polepole.

Bibi ni mama yake mama. Alihamia kwetu baada ya babu kufariki na nyumba waliyopanga miaka yote kurudi kwa mwenyewe. Alikuja kiangazi, na sanduku moja na mkoba aliokuwa ameukumbatia, asiukubali kubebewa. Alipewa chumba changu, nami nikahamia kona ya sebule. Sikulalamika kwa hilo, na leo pia silalamiki. Bibi alikuwa mgeni rahisi kuliko wote. Alikaa kitandani akitazama ukuta, na kwa kila alichoulizwa alijibu neno moja.

"Bibi, uji?"

"Nimeshiba."

"Mama, umelala vizuri?"

"Nimeshiba."

"Bibi, unaonaje, mvua itanyesha?"

"Nimeshiba."

Mama alikuwa akitoka chumbani humo anajipangusa macho kwa kanga, anasema ni moshi. Jiko letu ni la gesi.

Basi mmea ulipochomoza kwa mara ya kwanza, na baba akauita gugu kwa sauti pale uwanjani, dirisha la chumba likafunguka. Bibi akatoa kichwa. "Nani gugu?" akauliza. Baada ya muda kidogo alikuwa kibarazani, amekalia kiti changu cha kusomea, na hajakirudisha hadi hivi majuzi.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikupata utulivu. Jumatatu Bibi alisema ni yungiyungi. Jumanne akasema hata mjinga angejua ni yungiyungi. Jumatano baba, ambaye kwa heshima ya ukwe hawezi kumpazia sauti, alikuja na kofia mkononi: "Samahani sana Mama, lakini hilo ni gugu."

"Gugu, eh? Na wewe ulipokuja kuposa kule kwetu, na lile suruali lako, tulisema nini? Tulikung'oa?"

Baba alirudi nyuma kimyakimya, lakini kesho yake alikuwa na hoja mpya. Ikawa kila akitoka kazini, kabla hata ya kunawa, anapita uwanjani kusema "samahani Mama", na Bibi alikuwa anamngojea tangu mchana akiwa ameshajiandaa. Aliomba miwani. Aliomba magazeti ya zamani. Alianza kula ili, kwa maneno yake, apate nguvu za kumjibu mtu wa mabomba. Hata kiangazi, mmea ulipotoweka, aliendelea kukaa pale akilinda mchanga mtupu. "Amelala," alikuwa akimwambia kila apitaye. "Punguzeni kelele." Kelele zote zilikuwa zake.

Ndugu Mhariri, mimi ni mtu wa vitabu. Nahitaji kiti, kivuli na ukimya. Vyote vitatu nilinyang'anywa na mmea huu. Katika kipindi hicho nimeacha riwaya tatu njiani, na katika mojawapo sijui mpaka leo kama binti wa hakimu aliokolewa kisimani.

5. Tangazo lenu. Wiki iliyopita mmeandika kwamba Bwana Miche atawatembelea wasomaji wachache nyumbani kwao, na kwamba wa kwanza ni "yule msomaji wa ufagio". Mimi ndiye niliyelisoma tangazo hilo kwa sauti, wakati wa chai ya asubuhi, familia nzima ikiwa mezani.

Baba alipiga meza kwa furaha. Akachukua tupa, akakaa mlangoni, akanoa sepeto huku akipiga mluzi, kisha akalisimamisha ukutani mahali ambapo kila mtu angeliona.

Bibi aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo huyo bwana atakuja kusema jina?"

"Ndiyo, Bibi," nikasema.

"Na akishalisema?"

Baba aliacha mluzi.

Kesho yake kiti kilikuwa wazi. Nilienda kumgongea Bibi nikamuuliza kama hatoki kibarazani leo, kwa sababu ua limefunguka lote na fundi cherehani ameanza kusema ni tiba ya bega.

"Nimeshiba," akasema.

Kwa hiyo nimerudishiwa kiti changu. Kivuli kipo, na ukimya upo mwingi kiasi kwamba nasikia mdogo wangu akifungua ukurasa ndani ya tangi. Ilitakiwa nifurahi. Nimekaa hapo siku zote hizi na binti wa hakimu bado yuko kisimani. Nasoma mstari, nautazama ua, narudia mstari uleule. Hili nalo nalilalamikia. Sijui nimlalamikie nani, kwa hiyo nakulalamikia wewe.

Kutokana na yote hayo, na kwa unyenyekevu mkubwa, naomba gazeti lenu lichukue hatua zifuatazo. Bwana Miche aje haraka iwezekanavyo, alitaje jina moja tu, lililo sahihi, kwa sauti ya kusikika hadi chumbani, ili shauri hili liishe. Akishindwa, atupatie hati yenye muhuri inayothibitisha kwamba mmea huu haujulikani na mtu yeyote duniani, ili mama aitundike ukutani na baba aache kunoa vitu. Ikiwa hati hiyo haipatikani, basi gazeti litangaze kwamba mmea haupo, na mimi nitaipeleka taarifa hiyo kwa mmea wenyewe. Mwisho, naomba iandikwe sheria kwamba kuanzia sasa kila mmea utakaoota katika nyumba ya watu uote ukiwa na kibandiko cha jina, kama sisi tunavyolazimishwa kushona majina kwenye sweta za shule. Sioni kwa nini mimea ipendelewe.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi yako, mpangaji wa herufi, mpiga chapa, na yule anayechora kopo la kumwagilia maji juu ya ukurasa wenu, maana mchoro wake naujua kuwa ni kopo bila kuambiwa, na hicho ni kipaji. Msalimie Bwana Miche pia. Mwambie sina kinyongo kuhusu ufagio, ingawa naukumbuka.

Wako katika mboga na maua,
Msomaji wa Ufagio.

N.B.
Nilipomaliza barua hii niliipeleka chumbani kwa Bibi, kumuuliza "yungiyungi" niiandike kama jina lake rasmi au kama maoni tu. Akataka nimsomee yote. Nilisoma nikitazama viatu vyangu. Nilipofika kwenye mifagio, kitanda kikaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Halafu akasema, "Yule nimemleta mimi."

Siku aliyohamia kwetu aliomba maji akanawe miguu nyuma ya nyumba. Wakati sisi tukiingiza sanduku, alifungua mkoba, akatoa kitu kama kitunguu kilichofungwa ndani ya soksi ya babu, akakifukia chini ya mfereji wa paa. Alikichimbua chini ya dirisha lao asubuhi ya kurudisha funguo.

"Tulimkuta pale tulipohamia, hata mama yako hajazaliwa," alisema. "Babu yako akasema ni kitunguu pori. Mimi nikasema ni yungiyungi. Tumebishana ndoa nzima. Tukigombana kwa mambo mengine, tukanuniana, yeye anatoka nje anasema kwa sauti, 'Jamani, hiki kitunguu kimechanua!' Basi natoka kumjibu. Huwezi kumwacha mtu aseme vile."

"Sasa Bibi, nani alikuwa sahihi?"

"Hilo ndilo tatizo lako, wewe mtoto. Unataka ajulikane. Akijulikana, mmoja wetu ameshindwa. Na mwenzangu hayupo kujitetea."

Nikatoka nikaenda kwa baba, aliyekuwa anapanga vifaa vyake uwanjani, nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa amekishika kipande cha bomba. Kisha nikamuuliza, kama fundi, kama hakuna namna ya kuyapeleka maji ya paa pembe nyingine.

"Elbo moja ya kupindisha maji na bomba refu kidogo," alisema. "Kazi ya asubuhi moja. Elbo ninayo tangu mwaka jana."

"Sasa mbona hukuifunga?"

Akaangalia dirisha la Bibi, akashusha sauti. "Nikiifunga, bibi yako atagombana na nani? Lile sepeto nililinoa kumchokoza tu, Profesa. Nilijua atatoka na maneno ya wiki nzima. Sikujua atarudi ndani." Akageuza geuza bomba mkononi. "Nimezidisha."

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nayafuta malalamiko yangu yote kuanzia namba moja hadi namba tano, isipokuwa la ufagio. Nafuta hati, nafuta muhuri, nafuta sheria ya vibandiko. Nimetazama vitabu vya maktaba ya shule na nadhani Bwana Miche akiliona ua hili kwa macho yake atalijua mara moja. Namsihi asilijue. Aje, anywe chai, azunguke mmea mikono ikiwa nyuma, kisha ataje jina lisilo sahihi kabisa na alishikilie kwa ukali. Bibi anakosa watu wa kubishana nao ambao wamesoma. Barua hii usiichapishe, maana nyumbani gazeti lenu linasomwa hadi matangazo ya vifo.

Naandika mistari hii nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Nilichofanya baada ya kuzungumza na baba ni hiki: nililichukua sepeto nikaliweka ndani ya tangi, mdogo wangu akalikalia. Nilirudisha kiti mahali pake, nikaweka mto. Kisha nilisimama mbele ya ua, chini ya dirisha la chumba, na kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata darasani nikasema, "Jamani, hiki kitunguu kimechanua!"

Kisha dirisha likafunguka.

"Nani kasema kitunguu?"

"Mimi, Bibi."

"Mjinga kama babu yako," akasema, na nikamsikia akitafuta viatu chini ya kitanda.

Sasa yuko kwenye kiti, ananieleza makosa yangu. Baba yuko juu ya ngazi na elbo yake, anafungua mfereji wa paa, na hivi punde amevua kofia akasema, "Samahani sana Mama, lakini hilo ni gugu."